Nimepata mkanda mweusi: je, naweza kuanza kufundisha watoto?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka Walukuba, Jinja. Nina miaka 23, nimefanya karate ya Shotokan tangu nikiwa shule ya msingi, na mwaka jana nilifaulu mtihani wa mkanda mweusi, dan ya kwanza, yaani daraja la kwanza la mkanda huo. Tangu hapo akina mama wa mtaani wananifuata wakitaka niwafundishe watoto wao jioni, hasa wasichana. Mwalimu wangu anasema ningoje mpaka dan ya tatu. Hamu ninayo, lakini na hofu pia. Je, niko tayari? Na nikianza kufundisha, mazoezi yangu mwenyewe si yatakufa?

Jibu: Marahaba, binti yangu, na hongera kwa mkanda.

Anza. Ila usianze peke yako, na usianze kwa kumzunguka mwalimu wako. Mkanda mweusi ulioufunga mwaka jana ni ushahidi kwamba mwili wako umejifunza. Haujathibitisha kwamba unaweza kuufunza mwili wa mtu mwingine. Hizo ni kazi mbili, na ya pili ina uanagenzi wake kama ilivyokuwa ya kwanza. Dan ya tatu nayo haitakupa hiyo kazi ya pili. Katika mashirika mengi ya Shotokan, kutoka dan ya kwanza hadi ya pili ni miaka miwili kwa uchache, na kutoka ya pili hadi ya tatu ni mingine mitatu. Ukiikaa miaka hiyo mitano bila kumshika mtoto hata mmoja mkono, utafika dan ya tatu ukiwa mpiganaji bora kuliko leo, lakini ualimu utakuwa hujaugusa.

Hata hivyo mwalimu wako ana sababu ya kuogopa. Sote tumeona vijana waliofaulu mtihani mwezi huu, mwezi unaofuata wana bango lao barabarani na watoto thelathini kwenye saruji, hakuna anayewasimamia. Wengine wanaumiza watoto. Wengine wanachoka baada ya muhula mmoja, wanafunga, na watoto wale hawarudi tena kwenye karate. Kwa hiyo usilichukulie neno lake kama wivu. Lichukulie kama swali ambalo hajakuuliza waziwazi: nani atakusimamia?

Hilo si jambo jipya katika karate yetu. Gichin Funakoshi, aliyeipeleka karate Tokyo kutoka Okinawa mwaka 1922, alikuwa mwalimu wa shule kabla watu hawajamjua kama mwalimu wa karate. Mmoja wa walimu wake, Anko Itosu, ndiye aliyeiingiza karate katika shule za Okinawa mwanzoni mwa karne ya 20, akapanga kata za Pinan (kata ni mfululizo wa mapigo na kinga uliopangwa), ambazo sisi wa Shotokan tunaziita Heian, kwa ajili ya wanafunzi wa shule. Kata yako ya kwanza kabisa, basi, ilipangwa na mtu aliyekuwa na darasa zima akilini. Mfumo wa mikanda Funakoshi aliutoa kwa Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, na Kano naye alikuwa mkuu wa chuo cha ualimu mjini Tokyo. Ukiichunguza historia hii utaona imejaa walimu wa darasani, watu waliojua tofauti kati ya kujua jambo na kulifikisha.

Kisha mwaka 1956 JKA, shirika la karate la Japani, lilianzisha kozi maalumu ya kuandaa walimu. Walioingia hawakuwa wageni. Walikuwa tayari na mikanda myeusi, wengi wametoka klabu za vyuo vikuu zenye mazoezi makali. Hirokazu Kanazawa, aliyekuwa bingwa wa kumite, yaani kupigana wawili, katika mashindano ya kwanza ya Japani nzima ya JKA mwaka 1957, alikuwa katika kundi la kwanza la kozi hiyo. Mtu wa kiwango chake alikalishwa chini ajifunze kufundisha. Wewe na mimi tukifanyiwa hivyo si kudharauliwa.

Mimi sikupata kozi. Nilimpata mwalimu, sasa ni marehemu, ambaye alinifanyia kozi bila kuiita kozi. Nilipofunga mkanda mweusi alinitoa mstari wa mbele, akanirudisha nyuma kabisa walikokuwa watoto wa mkanda mweupe, akaniambia: usiseme neno, leo tazama miguu tu. Sio ngumi, sio uso, miguu. Nilikasirika, kwa sababu nilikuwa na mateke mazuri na nilitaka yaonekane. Lakini baada ya kutazama miguu tu kwa majuma kadhaa nilianza kuona mambo ambayo sikuwahi kuyaona: kwamba mtoto anayeanguka kwenye zenkutsu-dachi, ule msimamo wa goti la mbele lililokunjwa, huwa ameweka miguu yote miwili kwenye mstari mmoja, kwamba kisigino cha nyuma kinanyanyuka kabla ngumi haijafika. Baadaye akaniruhusu kutazama nyonga. Baadaye sana akaniruhusu kumsahihisha mtoto, mmoja, kwa jambo moja katika somo zima. Nikimsahihisha mawili, alinirudisha kwenye kunyamaza.

Ile kanuni ya jambo moja naitumia mpaka leo, na ndiyo ninayowapa wasaidizi wangu wote hapa Naguru, Kampala. Mtoto ukimwambia "goti nje, mgongo wima, kiwiko ndani, tazama mbele," atafanya lolote lililo mwisho na kusahau matatu ya kwanza. Ukimwambia "goti" tu, ukagusa kidogo upande wa nje wa goti lake ili alisukumie kwenye mkono wako, atalisikia mwilini. Wiki ijayo utampa mgongo.

Sasa nikupe mfano mmoja kwa undani, ili uone ninachomaanisha ninaposema kufundisha ni kazi nyingine.

Chukua Heian Shodan, kata ya kwanza ya Heian. Ina hatua 21, na wewe unaweza kuifanya ukiwa umelala. Mtoto anafika kwenye age-uke (kinga ya juu) ya tatu, anapiga kiai, ule ukelele wa karate, mguu wa kulia uko mbele. Kutoka hapo kata inamtaka azunguke kwa kushoto, robo tatu ya duara, mguu wa kushoto ukipita nyuma yake, atazame upande wake wa kulia na kukinga gedan-barai, kinga ya chini, kwa mkono wa kushoto. Karibu kila mtoto anakosea hapo, na wengi wanakosea kwa njia moja. Anaona kwamba upande anaotakiwa kuutazama uko hapo hapo kuliani kwake, robo ya duara tu, kwa hiyo anageuka kwa njia fupi. Uso unafika mahali sahihi. Lakini mguu ulio mbele ni wa kulia, mkono unaokinga ni wa kulia, na kuanzia hapo kata yote imepinduka. Mwalimu mchanga akiona hivyo anarudia kuonyesha, mara ya tatu, mara ya tano, kwa sauti inayopanda. Mtoto anazidi kuchanganyikiwa, kwa sababu macho yake yanaona mwalimu anafika pale pale alipofika yeye.

Dawa si kuonyesha tena. Msimamishe baada ya kiai, asitikisike. Muulize: mguu gani uko nyuma? Atasema wa kushoto. Mwambie: huo ndio unaosafiri, wa kulia unabaki kama mhimili. Kisha chukua chaki, chora alama sakafuni mahali mguu wa kushoto utakapotua, na umwache autafute mwenyewe. Taratibu, bila mikono kwanza. Akishatua kwenye alama mara kadhaa, rudisha mkono. Faida moja ya kufundishia kwenye saruji ni kwamba chaki inashika.

Na wewe mwenyewe utasimama wapi? Ukisimama mbele ukiwatazama, kushoto kwako ni kulia kwao. Ukiwapa mgongo, hao wanaonakili mwili wako wataelewa, lakini huwaoni. Na wakigeuka, wote wanakupa mgongo na hawana wa kumfuata, ndipo utaona vichwa vinageuka nyuma kukutafuta katikati ya kata. Mimi huweka mwanafunzi mkubwa katika kila pande nne za darasa, hivyo popote mtoto anapogeukia anamkuta mtu wa kumtazama. Ukiwa huna wasaidizi wanne, basi usiwe na darasa kubwa. Watoto wanane au kumi wanatosha kabisa kwa mwaka wako wa kwanza.

Jambo dogo pembeni, kwa kuwa uko Walukuba ambako mlango huu wanaongea Lusoga, ule Kiswahili, ule Luganda au Dholuo: maelekezo toa kwa Kiswahili, lakini hesabu kwa Kijapani, ichi, ni, san. Hakuna mtoto ambaye lugha hiyo ni ya kwao nyumbani, kwa hiyo wote wanaanza sawa, na hakuna anayejiona mgeni. Nimeona watoto wa kambi ya polisi, kutoka Arua mpaka Kabale, wakiwa kitu kimoja kwa sababu ya zile namba kumi.

Nakuja kwenye miili ya watoto, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo walimu wachanga wanapofanya madhara bila kukusudia. Mtoto si mtu mzima mdogo. Karibu na ncha za mifupa yake mirefu kuna sehemu za ukuaji, bado ni gegedu laini, na hazifungi mpaka mwisho wa ujana. Sehemu hizo hazipendi kugongwagongwa wala kukamuliwa na misuli iliyochoka. Kwa hiyo mtoto hapigi makiwara, ule ubao wa kuzoezea ngumi. Mtoto hafanyi pushapu kwa vifundo vya ngumi kwenye saruji. Mtoto havunji ubao wala tofali ili wazazi wapige makofi siku ya sherehe. Na tafadhali, zika kabisa ile adhabu ya kuruka kichura kuzunguka uwanja. Inachosha goti lililokunjwa kupita kiasi, na haimfundishi chochote isipokuwa kuchukia mazoezi.

Mtoto wa miaka kumi mpaka kumi na tano akikuambia anaumwa chini kidogo ya pia ya goti, na ukigusa unakuta pamevimba, usimwambie avumilie. Hiyo ni dalili ya kawaida katika umri wa kukua haraka, na dawa yake ya kwanza ni kupunguza kuruka na kuchuchumaa mpaka maumivu yatulie. Akiendelea kuumwa, aende kwa daktari. Angalia pia goti la mbele katika zenkutsu-dachi: lielekee kule vidole vya mguu vinakoelekea. Likiangukia ndani kila siku kwa miaka, ndilo goti litakalomtoa mtu huyo kwenye karate akiwa na miaka thelathini.

Kupasha mwili moto kabla ya mazoezi kuwe kwa kusogea: kukimbia taratibu, kuzungusha nyonga, kuinua magoti, michezo ya kufukuzana. Kule kujinyoosha na kutulia kwa muda mrefu kuweke mwisho, mwili ukiwa na joto. Maji yawepo na ruhusa ya kunywa iwepo. Kumnyima mtoto maji ili awe mgumu ni ujinga uliovalishwa sare. Na hapa kwetu kuna malaria. Mtoto mwenye homa hafanyi mazoezi hata kama amekuja amevaa, mrudishe nyumbani na ujumbe kwa mama yake akapimwe.

Kichwa ndicho kisichojadiliwa. Katika darasa la watoto hakuna pigo linalogusa kichwa, hata kwa bahati mbaya inayojirudia. Mtoto akianguka au akagongwa kichwani, anakaa pembeni siku hiyo yote, hata akisema yuko sawa. Akiwa na kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, kusahau kilichotokea, au usingizi usio wa kawaida, hospitali siku hiyo hiyo. Jinja mna hospitali ya rufaa, huna kisingizio cha umbali. Kurudi mazoezini ni kwa ruhusa ya daktari, na kwa hatua, si kwa kurukia kumite.

Fimbo je? Wapo bado wanaotembea na fimbo darasani, wakisema ndiyo mila ya dojo, yaani ukumbi wa karate. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 hapa Uganda yalipiga marufuku adhabu ya viboko katika taasisi za elimu, na mimi sioni kwa nini ukumbi wa karate uwe pango la kujificha kutoka kwa sheria hiyo. Nidhamu ya karate inajengwa na mwalimu anayefika kabla ya watoto, aliyefua gi yake, sare ya karate, anayeinama kwa heshima ile ile kwa mtoto wa mwenye duka na kwa mtoto wa mwosha nguo.

Suala la wasichana nataka ulishike kwa mikono miwili. Akina mama hawakukufuata wewe kwa bahati. Wanajua kuna madarasa mengine Jinja, lakini wanataka mwanamke, na nadhani unajua kwa nini. Hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya nisikubaliane na kungoja miaka mitano: watoto hao watakuwa wamekwisha kukua. Lakini usiwauzie akina mama ahadi ya uongo. Msichana wa miaka minane hawezi kumshinda mwanamume mzima kwa ngumi, na ukimfanya aamini anaweza, umemhatarisha. Anachoweza kujifunza ni kupaza sauti, kujinasua mkono, kukimbia kuelekea walipo watu, na kumwambia mtu mzima anayemwamini, akirudia kusema mpaka aaminiwe. Kwa wasichana wengi wetu kiai ni ngumu kuliko teke lolote, kwa sababu wamelelewa wasipaze sauti. Tenga muda wa kiai katika kila somo. Mwanzoni watacheka wakiziba midomo. Endelea tu, na siku moja utamsikia yule mpole kuliko wote akitikisa bati. Wafundishe pia namba 116, simu ya bure ya watoto inayoitwa Sauti, waijue kwa kichwa kama wanavyojua kuhesabu mpaka kumi.

Na wewe jiwekee mipaka iliyo wazi. Mlango wa ukumbi uwe wazi, mzazi yeyote aruhusiwe kukaa na kutazama. Usibaki na mtoto mmoja peke yenu. Kabla ya kumgusa mtoto kumsahihisha, mwambie unagusa wapi na kwa nini, na akikataa tumia maneno au chaki. Wasaidizi wako wa kiume wafuate hayo hayo bila mjadala.

Makaratasi nitayapitia haraka. Mwone mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa, wa eneo lako kabla hujaanza, mweleze unafanya nini, wapi, saa ngapi. Ni heshima na ni kinga yako. Tafuta cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi, hata kama hakuna aliyekuomba, umwonyeshe kila mzazi. Andika kwa kila mtoto jina, namba ya mzazi, na ugonjwa wowote alionao, hasa pumu na kifafa. Tangu Sheria ya Michezo ya Taifa ya mwaka 2023, mashirikisho na vyama vya michezo vinatakiwa viandikishwe kwa Baraza la Taifa la Michezo kule Lugogo. Ukiwa chini ya dojo iliyo ndani ya shirikisho, mzigo huo haukuangukii wewe peke yako, na hiyo ni sababu nyingine ya kutojitenga.

Hapo ndipo mwalimu wako anarudi. Usiende kwake na ombi la "niruhusu nifungue dojo". Nenda na pendekezo la kufungua tawi la dojo yake. Mweleze mambo matatu: kwamba darasa litabeba jina lake, kwamba wewe hutapandisha mtoto mkanda wowote, mitihani yote itafanywa naye, na kwamba unamwomba afike kutazama somo lako kila mwezi na kukusahihisha, ikiwezekana mbele ya kitabu chako cha mipango ya masomo na si mbele ya watoto. Kabla ya hapo, muombe akupe muhula mmoja wa kusaidia darasa lake la watoto, ukisimama nyuma kama nilivyosimamishwa mimi. Mzee anayeombwa hivyo kwa kawaida anaona kwamba hapokonywi kitu. Akikataa hata hilo, mwombe sababu kwa adabu, na usikilize mpaka mwisho. Huenda anaona kitu katika kata yako au katika hasira yako ambacho mimi kutoka Kampala sikioni.

Suala la mitihani nalisisitiza kwa sababu ndilo linaloharibu jina la karate kwetu. Mkanda ukiwa biashara, mwalimu anaanza kupandisha watoto kila muhula ili ada ya mtihani iingie, na mwishowe una mtoto wa mkanda wa kahawia asiyeweza kusimama sawasawa. Ukiikabidhi mitihani kwa mtu mwingine, utafundisha kwa moyo mweupe, kwa sababu hupati chochote mtoto akifaulu na hupotezi chochote akirudia.

Kuhusu pesa, toza ada ndogo ya mwezi, na utoze, kwa sababu wazazi wanaheshimu wanacholipia na ukumbi una gharama. Panga kwa mihula mitatu ya shule. Wengine watakwenda bweni na utawaona likizo tu. Usimlazimishe mtu kununua gi muhula wa kwanza, fulana na kaptura ya michezo zinatosha, na kwenye masoko ya mitumba gi nzuri huwa zinapatikana kwa mwenye subira. Mzazi akikuuliza kama mtoto atafika Olimpiki, mwambie ukweli: karate iliingia Olimpiki mara moja, Tokyo 2020, michezo iliyofanyika 2021, na haikuwemo Paris 2024 wala haimo katika ratiba ya Los Angeles 2028. Yapo mashindano ya kitaifa na ya kanda, na yanatosha kumpa mtoto hamu.

Nimebakiza hofu yako ya mwisho, kwamba mazoezi yako yatakufa. Yanaweza kufa, ndiyo. Nimewaona walimu wazuri waliogeuka kuwa watu wa kuhesabu na kupiga makofi, miili imesahau. Kosa lao ni moja: walihesabu muda wa kufundisha kuwa muda wa mazoezi. Usifanye hivyo hata siku moja. Ukiwa na watoto, mwili wako ni mali yao. Unaonyesha ngumi nusu nusu, unasimama, unarudia, hutoki jasho la maana. Kwa hiyo weka siku zisizopungua mbili katika juma ambazo wewe ni mwanafunzi mtupu kwenye dojo ya mwalimu wako, unasahihishwa, unapigwa, unachoka. Ongeza asubuhi zako za peke yako kabla mji haujaamka. Kama kuna wenye dan za juu Kampala wanaokaribisha wageni Jumamosi, panda teksi uje, wanaokuzidi ndio wanaokukuza.

Na jihadhari na jeraha la walimu. Linatokana na kuonyesha teke ukiwa baridi, na kuonyesha kila mara kwa mguu ule ule wenye sura nzuri. Nyonga ya upande mmoja inachakaa wakati ya upande wa pili inalala. Fika ukumbini mapema, upashe mwili moto peke yako, na uonyeshe kushoto mara nyingi kama kulia.

Lakini kufundisha nako kunakulipa, kwa namna ambayo hutaiona miezi ya kwanza. Ili umweleze mtoto kwa nini gedan-barai yake haina nguvu, itakubidi uifanye polepole mpaka ugundue nguvu ya kwako inaanzia wapi. Nilidhani naijua gedan-barai nilipokuwa napita mitihani. Nimeijua kwa kuieleza kwa watoto ambao hawakuridhika na jibu langu la kwanza, wala la pili. Nyonga, mguu wa nyuma unavyosukuma sakafu, mkono unaorudi kiunoni na kazi yake: hayo yote watoto ndio walionidai.

Basi nenda kwa mwalimu wako wiki hii, kabla hujawajibu akina mama. Akikubali, tafuta ukumbi wenye sakafu isiyoteleza na kivuli, chukua watoto wasiozidi kumi wanaokaribiana umri, na siku ya kwanza usipite dakika arobaini na tano. Wafundishe kuinama, kusimama, kukunja ngumi kidole gumba kikiwa nje, kuanguka kwenye nyasi bila kuweka mkono nyuma, na kiai moja. Ngumi ya kwanza hewani waachie somo la pili. Mwalimu wako akitaka kuuliza lolote kuhusu mpango huu kabla ya kukupa jibu, aniandikie mwenyewe, nitamjibu kama ninavyokujibu wewe.